Siku Kumi na Sismomita Tatu

Siku ya kwanza

Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa tumeshapakia. Nyuma ya gari, juu ya mbao tupu, zimekaa sismomita zetu tatu, vyombo vya kusikiliza mitikisiko ya ardhi: Bubu, Kimya na Mpole. Majina si yangu. Ni ya dada anayeshughulikia saketi, aliyeyaandika kwa wino mzito siku zilipotoka karakana, nami nikaona ni kujitafutia nuksi. Kiti cha nyuma, juu ya godoro, kakaa Bibi.

Bibi ni sismomita ya zamani tuliyoazima. Ni tulivu kuliko zote nilizowahi kuzishika, na dhaifu kuliko zote. Kabla hajasafiri, uzito ulioning'inia ndani yake lazima ufungwe kwa skrubu. Ukisahau kuufunga, bawaba zake, ambazo ni vipande vya bati jembamba mno, hukatika kwenye shimo la kwanza la barabara. Ukisahau kuufungua baada ya kufika, utakaa siku mbili ukisifia utulivu wa mahali. Yamewahi kunikuta. Sisemi zaidi.

Tunachotafuta ni kifaa chenye masikio ya Bibi na mbavu za punda. Vifaa vya kusikiliza majaribio ya nyuklia hupelekwa mahali pasipo na barabara nzuri, kwa sababu barabara nzuri yenyewe ni kelele: malori, madaraja, watu. Kwa hiyo kifaa kinachotakiwa kisikie mtikisiko mdogo kuliko upana wa chembe ya vumbi hufika kazini baada ya kurushwarushwa kama gunia la viazi. Zetu tatu hazina skrubu ya kufungia. Zina mito ya mpira katikati ya kitako na fremu ya ndani, na mito hiyo ni wazo langu. Mzee, fundi mkuu wetu, alilipinga mwaka mzima. Mwishowe alinyamaza, na kwa Mzee kunyamaza si kukubali.

Tumebandika kipima mishtuko kwenye sanduku la Bubu. Jioni kimeonyesha kwamba pigo kubwa kuliko yote lilifika mara 14 ya nguvu ya mvutano wa dunia. Dereva aliuliza kama hiyo ni sifa au lawama.

Siku ya pili

Barabara imekwisha saa nne asubuhi. Kuanzia hapo ni njia ya magurudumu mawili na imani.

Dereva ni mtu wa maswali. "Shikamoo Mzee wangu," akaanza, ingawa walikwisha kusalimiana asubuhi. Hiyo ni dalili kwamba swali ni kubwa. "Marahaba, sema." Akasema: mtu akilipua bomu chini ya ardhi upande wa pili wa dunia, sisi tuliokaa juu ya jabali tutajuaje?

Mzee alimsimulia Rainier. Tarehe 19 Septemba 1957, Marekani ililipua bomu la kilotani 1.7 ndani ya mlima katika jimbo la Nevada, likafunikwa lote na mwamba, pasiwe na moshi wala wingu. Hata hivyo vyombo vya Alaska, zaidi ya kilomita 3,000 kutoka hapo, viliandika mtikisiko wake. Mwaka uliofuata wataalamu wa pande mbili za Vita Baridi walikutana Geneva kubishana juu ya jambo lilelile analouliza dereva: je, mlipuko wa chini ya ardhi unaweza kutofautishwa na tetemeko? Mwishowe pande hizo hazikuelewana vya kutosha. Ndiyo maana mkataba wa mwaka 1963 ulikataza majaribio ya hewani, ya majini na ya anga za juu, ukaacha ya chini ya ardhi. Aliyetaka kulipua akashuka shimoni, na aliyetaka kujua ikambidi atege sikio ardhini.

Marekani ilimwaga fedha katika taaluma iliyokuwa imelala, chini ya mradi ulioitwa Vela Uniform. Moja ya matunda yake ni mtandao wa vituo kama 120 duniani kote, vyote vikiwa na vyombo vya aina moja, saa moja, na kipimo kimoja. Kabla ya hapo kila kituo kilikuwa na chombo chake cha kienyeji, na kulinganisha rekodi zao ilikuwa kama kulinganisha hatua za mtoto na za mtu mzima. Ramani za matetemeko zilizotokana na mtandao ule ndizo zilizosaidia kuonyesha mipaka ya mabamba ya dunia, yale mapande makubwa ya mwamba yanayobeba mabara.

"Walikuwa wanatafuta mabomu," Mzee akasema, "wakakuta mabara yanatembea."

Dereva alinyamaza kilomita nzima. Kisha akapiga shimo.

Siku ya tatu

Tumefika. Ni mgongo wa graniti uliojitokeza ardhini kama mgongo wa nyangumi, hakuna mti mkubwa karibu. Hilo la miti si suala la kivuli. Upepo ukitikisa mti, mizizi hutikisa udongo, na udongo hukisimulia kifaa. Bahari iko mbali sana, ingawa, kama itakavyoonekana, bahari haiachi kumfuata mtu.

Shimo lilichimbwa na waliotutangulia: kina cha mita mbili, sakafu ni mwamba wenyewe. Kusafisha sakafu kulikula asubuhi yote. Ulianza ufagio, ukafuata mswaki, kisha kitambaa chenye maji, kisha kupiga magoti na kupitisha kiganja cha mkono jiweni, maana chembe moja ya mchanga chini ya mguu wa sismomita hukaa pale kama punje ndani ya kiatu. Mwamba unapotulia, punje inasagika, kifaa kinainama, wewe unaandika kwenye daftari kwamba dunia imeinama.

Tukaziweka nne kwa mstari, mishale yote ikielekea kaskazini halisi. Kila moja ina miguu mitatu yenye nati ya kukazia. Unazungusha miguu huku ukiangalia tone la hewa kwenye pimamaji, ukishalikamata katikati unakaza nati, na unapokaza nati tone linahama. Unaanza tena. Mpole alinichukua nusu saa.

Dada alipowasha umeme, vijimota vya ndani vilianza kusawazisha uzito, sauti yake kama nzi ndani ya chupa. Kisha kimya. Kuanzia hapo uzito haubembei tena. Watu wengi hudhani sismomita ni bembea inayochezacheza ardhi inapotikisika. Zile za zamani zilikuwa hivyo. Hizi ni kama mtu aliyejitwika ndoo ya maji: ndoo haitakiwi kuyumba hata kidogo, na kazi yote inafanywa na shingo. Ndani yake kuna sahani mbili za kapasita zinazohisi uzito unapotaka kusogea, saketi inatuma mkondo kwenye koili, sumaku inausukuma uzito urudi ulipokuwa. Tunachorekodi ni jasho la shingo, yaani mkondo uliohitajika kuuzuia. Kwa mtindo huo kifaa kimoja kinaweza kuchukua mnong'ono na kishindo bila kubadilishwa.

Dada alisoma volti za mkao wa uzito za sismomita zetu tatu, mihimili mitatu kwa kila moja, yaani pande tatu inazosikiliza: mmoja wa wima na miwili ya mlalo. Zote tisa ziko karibu na sifuri. Zimepigwa mishtuko siku mbili bila skrubu na hakuna bawaba iliyokatika. Nilimtazama Mzee. Mzee alikuwa anatazama mawingu.

Tumefunika kila moja kwa boksi la foma, juu yake turubai, juu yake magunia ya mchanga. Usiku huu hatugusi kitu.

Siku ya nne

Kwanza niseme tunapimwa kwa fimbo gani, la sivyo kisa hakitaeleweka.

Mkataba wa Kupiga Marufuku Kabisa Majaribio ya Nyuklia, uliofunguliwa kutiwa saini mwaka 1996, una mtandao wake wa usikilizaji. Kwa upande wa mitetemo ya ardhi pekee umepanga vituo vikuu 50 na vituo vya msaada 120. Kituo kikuu kinatakiwa kupeleka data papo kwa papo, sampuli, yaani vipimo, zisizopungua 40 kwa sekunde, na kelele ya kifaa chenyewe iwe chini ya kelele ya ardhi ya mahali hapo kwa desibeli 10 au zaidi, desibeli ikiwa ndiyo kipimo chetu cha ukubwa wa kelele. Sharti la mwisho ndilo linalonikosesha usingizi. Maana yake, mahali pakiwa patulivu zaidi, ndivyo kifaa chako kinavyoaibika zaidi.

Utulivu wa dunia wenyewe una chati. Mwaka 1993 mtaalamu wa mitetemo aitwaye Peterson alikusanya rekodi za vituo vya kila pembe akachora mstari wa chini kabisa, ule ambao ardhi yoyote ni nadra kushuka chini yake. Kwenye mawimbi ya sekunde moja, yaani yanayopanda na kushuka mara moja kwa sekunde, mahali unapotegemea kumsikia mlipuaji, mstari ule ni sawa na ardhi kusogea kwa takriban sehemu ya kumi ya nanometa. Huo ni upana wa atomu. Pembeni kidogo, kwenye sekunde tano hadi nane, kuna kilima kikubwa, nacho ni bahari. Mawimbi yanayokutana baharini hupiga sakafu yake na mtikisiko husafiri mpaka katikati ya mabara. Hakuna shimo unaloweza kuchimba ukaikwepa bahari. Unachoweza ni kujua inaimba sauti gani, usimtafute mwizi ndani ya wimbo wake.

Saa moja asubuhi dada alifungua kompyuta. Kwenye sekunde moja, mistari minne ilikaa juu ya mwenzake kama nywele za msuko mmoja. Zetu tatu zinasikia sawasawa na Bibi. Nikapiga makofi.

"Kaka, teremka chini," dada akasema.

Chini ni mawimbi marefu, sekunde 30, 50, 100. Bibi yuko kitako kwake. Mihimili ya wima ya zetu inamfuata kwa heshima. Mihimili ya mlalo imepanda juu kama moshi: Kimya na Mpole vibaya, Bubu vibaya kabisa. Kati ya zote, aliyeitwa Bubu ndiye anayepiga kelele.

Mihimili ya mlalo ina ugonjwa wake wa kuzaliwa nao. Haiwezi kutofautisha kusukumwa na kuinamishwa, kwa sababu ukiinama, mvutano wa dunia unakuvuta ubavuni. Chukua ubao wa urefu wa kilomita 1,000, inua ncha moja kwa milimita moja. Mwinamo huo mdogo ni mkubwa kuliko kelele ya mstari wa Peterson kwa zaidi ya mara kumi kwenye sekunde 100. Kwa hiyo swali la siku ni: nini kinaziinamisha sismomita zetu, lakini hakimwinamishi Bibi aliyekaa sentimita 40 pembeni?

Siku ya tano

Uzuri wa kuwa na sismomita tatu zilizokaa shimo moja ni huu. Watu watatu wakisikiliza hotuba moja, maneno waliyoyasikia wote ni ya msemaji. Mlio aliousikia mmoja tu uko sikioni mwake. Kwa hesabu unaondoa kilicho cha wote, kinachobaki ni kelele ya kila mmoja. Dada aliifanya hesabu hiyo akiwa amefunikwa shuka kichwani ili aone kioo cha kompyuta juani, na jibu lilikuwa baya: tatizo si shimo, ni sisi.

Tulianza na Bubu. Kwanza tulishuku hewa. Ndani ya boksi la foma, kifaa kikiwa na joto kidogo kuliko kifuniko, hewa huanza kuzunguka taratibu na kusukuma. Tukajaza sponji kila pengo. Hakuna kilichobadilika.

Ikawa zamu ya kebo. Nilishuka shimoni na tochi, nikalala kifudifudi. Kebo ya Bubu ilikuwa imepinda kwa ukali kati ya kifaa na ukuta, imebanwa na gunia la mchanga, imenyooka kama mkono wa mtu anayesukuma mlango. Usiku plastiki ikipoa inakakamaa, mchana inalegea, na kila mara inakisukuma kifaa ubavuni. Nikaiachia, nikaikunja vitanzi viwili vilegevu kando ya mguu, nikabandika kitanzi cha mwisho kwenye mwamba kwa utepe. Kazi ya dakika nne. Kosa langu mwenyewe la siku ya tatu, nikiwa na haraka baada ya Mpole kuninyanyasa na pimamaji.

Usiku Bubu alishuka akawa sawa na wenzake. Yaani sasa wote watatu ni wabaya kwa kiwango kimoja, na hiyo inatisha zaidi. Ubaya wa mmoja ni ajali. Wa watatu ni ubunifu.

Siku ya sita

Asubuhi kundi la mbuzi limepita juu ya mgongo wa graniti. Kwato zilionekana kwenye kioo moja moja, safi kama herufi.

Saa saba mchana machimbo ya mawe yaliyo mbali upande wa mashariki yalilipua. Tuliomba tuambiwe saa, na walitimiza. Mstari ulikuwa umetulia, ghafla ukaruka kwenda juu. Dereva alikuwa begani kwangu. Nikamwonyesha: mruko wa kwanza kwenda juu maana yake ardhi imesukumwa kutoka kwa mlipuko. Mlipuko husukuma pande zote kama kifua kinachojaa hewa. Tetemeko ni mwamba unaoteleza, kwa hiyo upande mmoja husukumwa na mwingine huvutwa. Lakini kwa mlipuko mdogo wa mbali ule mruko wa kwanza huzama kwenye kelele, huwezi kuuapia.

Hapo ndipo akauliza swali ambalo lilistahili kuulizwa siku ya nne. "Sasa kama bomu linasikika kwenye wimbi la sekunde moja, na hizo sekunde moja mnazipata vizuri, hayo marefu yanawauma nini?"

Ni hivi. Kusikia ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kutaja jina la aliyepiga. Tarehe 9 Oktoba 2006 Korea Kaskazini ilifanya jaribio lake la kwanza, dogo, linalokadiriwa chini ya kilotani moja; mtikisiko wake ulikuwa wa kipimo cha karibu 4.1, na zaidi ya vituo 20 vya mtandao wa mkataba viliusikia. Matetemeko ya ukubwa huo hutokea duniani kila siku, mengi tu. Njia moja ya kuyatenga ni kulinganisha pigo la mwanzo, lile fupi, na mawimbi marefu yanayotambaa juu ya uso wa dunia, ya sekunde kama 20. Tetemeko hupasua eneo pana na kwa muda, hivyo huzaa mawimbi marefu manono. Mlipuko wa pigo lilelile huzaa mawimbi marefu membamba. Kifaa kiziwi kwenye mawimbi marefu kinaweza kukuambia mlango umegongwa, kisikuambie kama ni mgeni au upepo. Kipimo hicho hakitoshi peke yake, wengine hulinganisha pia aina mbili za mawimbi ya haraka, lakini kukikosa ni kujifunga mkono mmoja.

Na tetemeko si fumbo pekee. Jaribio la tarehe 3 Septemba 2017, lililofika kipimo cha 6.1, lilifuatwa dakika kama nane baadaye na mtikisiko mwingine mdogo. Mawimbi ndiyo yaliyosema kwamba ule wa pili ni kuporomoka kwa ardhi na si bomu jingine.

Dereva alitikisa kichwa. "Basi mrekebishe," akasema, kama mtu anayezungumzia pancha.

Siku ya saba

Nilijua jana jioni. Labda nilijua siku ya nne.

Dada alichora kelele ya kila usiku tangu tufike, mstari kwa mstari. Mihimili ya mlalo ya zetu inapungua kila siku, kwa kasi inayozidi kupoa: nyingi siku ya kwanza, kidogo ya pili, kidogo zaidi ya tatu. Kila jioni jua likizama inapanda tena kidogo, kisha inatulia. Chuma hakina tabia hiyo. Kitu kilichobanwa, kinachorudi polepole kwenye umbo lake, na kinachohisi baridi, ndicho chenye tabia hiyo.

Mzee alikuwa anachonga kijiti. "Mpira ukishabanwa," akasema bila kuinua macho, "haurudi siku hiyohiyo. Unarudi taratibu kama mtu aliyenuna. Na kila mto unanuna kivyake."

Ndiyo maana hesabu ya dada ilionyesha kelele tofauti kwa kila kifaa, ingawa kiwango ni kimoja. Mito mitatu chini ya kila fremu, kila mmoja ukijinyoosha kwa mwendo wake, fremu inainama kwa kiasi ambacho hakuna pimamaji itakayokiona. Niliiweka mito ile ili uzito usipate pigo barabarani, na ilifanya kazi hiyo. Lakini baada ya kufika haikuondoka. Ilibaki kati ya dunia na kifaa, inasimulia hadithi zake.

Niliudhika, sitadanganya. Mwaka mzima wa kuchora, kujaribu aina sita za mpira, kuangusha masanduku kutoka juu ya meza na kusherehekea yasipovunjika. Na jaribio la kuangusha tulikuwa tunalifanya mchana, kisha tunapima kelele wiki mbili baadaye, mpira ukiwa umekwisha kutulia. Karakana ilikuwa inatusamehe. Barabara haikusamehe.

Mchana tulimtoa Mpole shimoni. Tukafunga vioo vya gari, tukalowesha sakafu vumbi lilale, tukamlaza ubavu juu ya shuka safi. Chumba chenye uzito kimefungwa kisipitishe hewa na hatukukigusa. Hewa ikiingia, molekuli zake zinazogonga uzito nazo ni kelele, tena ya aina isiyotibika. Tulifungua kitako tu. Skrubu sita. Mito ilitoka na alama ya ukingo wa fremu imechongeka ndani yake, na nilipoiweka juu ya dashibodi alama ile ilikuwa bado inajifuta. Niliitazama ikijifuta. Baada ya robo saa ilikuwa haijaisha.

Mahali pake Mzee alitia washa za chuma, vile vijisahani vyenye tundu katikati, tatu tatu, alizozichagua moja moja kwa kuzigonga jinoni. Sikumuuliza anasikiliza nini. Tulikaza, tukamrudisha, na safari hii tone la hewa lilikaa katikati mara ya kwanza.

Siku ya nane

Mpole ameshuka desibeli 18 kwenye sekunde 100. Karibu mara nane. Yuko kando ya Bibi, na kwa mhimili mmoja yuko chini yake kidogo, jambo ambalo dada amekataa kuliandika mpaka tulione mara mbili. Bubu na Kimya wako palepale.

Saa tisa usiku liliingia tetemeko kutoka mbali sana. Pigo la kwanza lilikuwa dogo, likafuata la pili, kisha muda mrefu ukapita bila kitu kipya, mpaka yakaja mawimbi marefu, yakipanda na kushuka taratibu kama kifua cha mtu aliyelala. Kwenye Mpole na Bibi ungeweza kuyahesabu moja moja tangu la mwanzo. Kwenye Bubu yalianza yakiwa yamezama nusu.

Sasa tatizo limegeuka. Mpole ni mtulivu, lakini hana mto. Barabara ni ileile.

Tulibishana hadi mchana. Dada anataka skrubu ya kufungia irudi. Mzee akasema skrubu ni ahadi, na ahadi inategemea mtu akumbuke. Mimi nilikuwa nimeshika ule mpira mkononi, nauminya. Ndipo nikaona ujinga wangu ulikuwa wapi. Niliuweka ndani ya kifaa, wakati kinachosafiri ni kifaa na sanduku lake. Sanduku halishuki shimoni. Mpira ukikaa kwenye sanduku, utachukua mapigo yote ya njia, na tukifika unabaki juu ukinuna peke yake bila kumsumbua mtu.

Tukatoa mito ya Kimya na Bubu pia. Kumi na minane yote, kila fremu ilikuwa na mitatu ya juu pia, tukaikata na kuibandika ndani ya masanduku: chini, kando, na kwenye kifuniko. Gundi ilikuwa ya kuzibia pancha. Dereva aliitoa bila kuulizwa.

Siku ya tisa

Njiani. Bibi kafungwa skrubu, tumehakiki watu wawili. Hakuna aliyeongea sana. Kwenye lile korongo kubwa gari liliruka, na sote wanne tuligeuka kuangalia nyuma kwa pamoja.

Siku ya kumi

Tumefika karakana saa mbili usiku. Kipima mishtuko, ambacho safari hii tulikibandika nje ya sanduku la Mpole, kimeandika 16. Tulikuwa na cha pili ndani, kwenye kifaa chenyewe: 5.

Tungeweza kusubiri kesho. Hatukusubiri. Dada alivuta kebo mpaka nyuma ya gari, akawasha huku masanduku yakiwa bado juu ya mbao. Vijimota vikalia, nzi ndani ya chupa, kimoja baada ya kingine. Mpole: sifuri nukta mbili, sifuri nukta moja, sifuri nukta tatu. Kimya vivyo hivyo.

Bubu alilia muda mrefu kuliko wenzake. Mhimili mmoja wa mlalo ulikwama kwenye volti ya mwisho, haushuki. Dada alijaribu tena. Mzee akaja, akaangalia, akapiga bodi ya gari mara moja kwa kiganja. Namba ikatetemeka, ikaanza kurudi, ikasimama kwenye mbili nukta sita.

"Bawaba haijakatika," akasema. "Imepinda. Kesho tutaifungua tuone imepindia wapi."

Nimeandika kwenye daftari: Bubu, mlalo wa pili, 2.6. Pembe ya kushoto ya sanduku lake, gundi imeachia.